Nani Anamwita Mtoto Magharibi?

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi na Bwejuu, kupita Paje, hadi Jambiani na Makunduchi, ipo sehemu ya siku inayotosha kumwonesha mtu hali ya malezi yetu bila kuuliza swali lolote. Ni ile iliyo baina ya alasiri na isha. Zamani isiyo mbali sana, saa hizo zilikuwa na utaratibu wake. Watoto walirudi kutoka chuo cha Kurani, wasichana wakacheza nage uwanjani, wavulana wakashindanisha vingalawa vyao vya kuchonga kwenye maji ya kujaa, na ilipoadhiniwa magharibi kila mmoja aliijua njia ya kwao. Aliyechelewa aliitwa kwa jina. Asipoitwa na mama yake, aliitwa na mama wa mwenzake, na hakuna aliyeuliza amepewa ruhusa na nani.

Siku hizi huadhiniwa magharibi watoto wangali ufukweni. Wengine wanawatazama wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Wengine wameshika vikuku na mikufu ya shanga, wanatafuta wanunuzi wa mwisho kabla giza halijaingia. Wengine wamejikunja watano kwa simu moja nyuma ya ukuta wa hoteli, mahali ambapo intaneti ya wageni inafika bure. Swala inasaliwa, inamalizika, nao wako pale pale. Haitoki sauti ya kuwaita.

Sisi wazazi tukikutana matangani au kwenye shughuli ya harusi, hatuchelewi kumpata mkosaji. Utalii, tunasema. Wageni wanavaa hivi, wanakunywa vile, wanapita nusu uchi mbele ya watoto wanaotoka chuoni na juzuu zao mkononi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2023 walipindukia laki sita, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wasiofika milioni mbili. Kijiji kilichozoea kumjua kila anayepita mlangoni hakiwezi kupokea umati wa namna hiyo kikabaki kama kilivyokuwa.

Hata hivyo, mgeni hukaa wiki moja, akizidisha sana mbili. Jina la mtoto halijui, mama yake hamjui, na akishapanda gari la uwanja wa ndege hawataonana tena. Mtoto humtazama mgeni, humshangaa, wakati mwingine humcheka. Kumuiga ni jambo jingine. Mtoto humuiga yule anayetamani aridhike naye, na katika miaka ile ya mwanzo watu hao huwa wawili watatu tu, wote wanalala chini ya paa moja naye.

Nilimtazama mtoto mmoja, hajazidi miaka minane, akimuuzia mwanamke wa Kizungu kikuku cha shanga. Alianza na shilingi 15,000. Alipoona mnunuzi anasita, akageuza uso upande wa bahari, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yupo mtu mwingine aliyekitaka kikuku hicho tangu asubuhi. Hapakuwa na mtu mwingine. Ujanja ule mzima, yaani kule kunyamaza, kule kugeuza uso na yule mnunuzi wa kubuni, haukuletwa na ndege kutoka Ulaya. Umetoka kwenye baraza zetu wenyewe, ambako kwa miaka mingi sasa watu wazima wamekaa na madalali wakivutana bei za viwanja, na watoto wako mkekani wanasikiliza. Kwa sheria, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Hilo sote tunalikumbuka siku ya kesi na kulisahau siku ya biashara. Mtoto aliyemsikia babu yake akikiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kisha akamsikia akiapa kuwa hakufanya hivyo, amekwisha kusomeshwa. Mwalimu wa chuo atapata tabu kulifuta somo hilo.

Ndiyo maana nasema lawama tumeipeleka mbali mno. Ili tujue kilichotokea, inatupasa kuanza na kazi, kwa sababu katika vijiji hivi mtoto alilelewa kazini. Mama alifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, akayawekea mawe, akayaacha miezi kadhaa maji yakiyaingia na kuyatoka, kisha akayafukua na kuyatwanga kwa gongo mpaka akapata usumba wa kusokotea kamba. Binti yake alikuwa ubavuni pake muda wote huo. Mvulana alimfuata baba au mjomba kutega madema, kazi yake ikiwa kufua maji yaliyoingia ngalawani na kukaa kimya wakubwa wanaposikiliza upepo. Walioyafanya hayo hawakuyaita malezi. Walikuwa wanatafuta riziki tu, na mtoto akawaona wanavyoitafuta: wanavyochoka, wanavyogawana samaki na aliyerudi mtupu, wanavyokasirika na wanavyojizuia.

Mwaka 1989 ukaingia mwani wa kulima. Paje na Jambiani zilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wengi wao wakaacha kwa kuona faida ni ndogo na kazi haina hadhi. Wanawake wakabaki nayo. Kwa mara ya kwanza kina mama wengi wa pwani hii walishika fedha iliyokuwa yao, na fedha hiyo ilionekana: sare za skuli, vitanda, mabati badala ya makuti. Wapo wazee walionung'unika kwamba mwanamke mwenye fedha zake hatawaliki. Wakati umewajibu. Fedha ya mwani ilikwenda zaidi kwa watoto kuliko ilivyokuwa fedha ya samaki.

Mwani haukumtenga mtoto na mama yake. Anayetaka kuona malezi yaliyo hai, hata leo, akae chini ya mkungu mchana mmoja ambapo kina mama wanafunga mbegu. Mama amenyoosha miguu, kamba ameinasa kwenye kidole gumba cha mguu, anafunga tai-tai moja baada ya nyingine bila hata kutazama. Binti amekaa na kapu la mbegu, anachagua. Lile tawi la kahawia lenye nguvu linakwenda kwenye kamba. Lile lililoanza kuwa jeupe linatupwa. "Hilo usinichanganyie, mwanangu," mama anasema, "litaniharibia na mazima." Baadaye binti anahesabu kamba, anakosea, anahesabu tena, na mama anamngojea. Katika muda wa saa mbili mtoto yule amefundishwa kutofautisha kilicho kizima na kilichooza, amefundishwa hesabu na subira, na zaidi ya yote amekaa saa mbili karibu na mtu mzima anayempenda na ambaye hana haraka.

Lakini bahari imebadilika. Kwenye maji haya ya kina kifupi yanayozidi joto, kotoni, mwani wenye bei nzuri, hufa kabla haujavunwa, na kina mama wamebaki na spinosamu, ambao kilo moja iliyokauka inatokana na kilo nyingi mbichi na bei yake haimwinui mtu. Hoteli nazo zinataka wafanyakazi. Mama ambaye watoto wake bado wadogo ameacha mambo, yaani vigingi vya shamba la mwani, na kamba zake akaenda kufua mashuka na kupangusa sakafu za watu. Anatoka alfajiri, anarudi na bodaboda baada ya isha. Baba, kama yupo, ni mlinzi wa zamu ya usiku. Mchana analala na watoto wanaambiwa wasipige kelele. Simlaumu yeyote kati ya hao. Mshahara ulio mdogo lakini wa kila mwezi una heshima yake, na aliyewahi kurudi pwani na mwani uliooza hahitaji kuelezwa kwa nini mwenzake ameomba kazi ya ndani. Ninachotaka tukiri ni kwamba kazi mpya, tofauti na ile ya zamani, haimruhusu mtoto kuingia. Getini pana mlinzi. Mtoto hajui mama yake anafanya nini kutwa nzima. Anajua tu kwamba harudi mpaka usiku, na akirudi amechoka.

Basi mtoto anabaki na bibi. Mabibi wa pwani hii wametufanyia mengi na hatujawashukuru vya kutosha, lakini bibi wa miaka sabini hawezi kumfukuzia mvulana wa miaka kumi mpaka Bwejuu. Pasipokuwa na bibi, mzigo unaangukia mtoto wa kike mkubwa, ambaye mara nyingi ana miaka kumi na moja au kumi na mbili. Huyo anapika, anaogesha, anagomba, anafunika wadogo zake chandarua, kisha kesho tunashangaa kwa nini analala darasani.

Hapa ndipo palipozaliwa lile jambo la vikuku na shanga, na naliona ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Wapo wazazi wanaosema: mbona sisi tulifanya kazi tukiwa watoto, na mwani tumelima, na pweza tumechokoa, ubaya uko wapi mtoto akiuza kikuku? Mimi naona tofauti iko kwa nani aliyesimama karibu naye. Mtoto aliye mwambani na shangazi yake anatafuta pweza, yuko kazini na yuko kwenye malezi kwa wakati mmoja. Akikanyaga nyenga, shangazi yupo. Akiiba pweza wa mwenzake, shangazi yupo vilevile. Mtoto anayezunguka ufukweni peke yake saa kumi na mbili jioni yuko sokoni tu, na wakubwa anaokutana nao huko hawana dhamana naye: mgeni anayemhurumia, mgeni mwenye nia mbaya, na papasi, yaani dalali wa watalii, aliyemtangulia kwa miaka kumi katika njia hiyo hiyo. Huyo wa mwisho ndiye mwalimu wake wa kweli. Tusimzungumze kana kwamba ametoka mbali. Ni kijana wetu, tulimwona akikua, na wengine wao tulianza kuwapoteza kwa unga huku tukisema watajirekebisha wenyewe.

Kisha kuna suala la zile fedha. Usiku mtoto anapoleta shilingi 20,000 na mama akazipokea bila kuuliza zimetoka wapi, siku hiyo madaraka ya nyumba yamehama. Kesho utamwambia alale mapema kwa sauti gani? Utamzuiaje asiende, ilhali unga wa chai ya asubuhi umenunuliwa kwa vikuku vyake? Nyumba nyingi zimefika hapo kidogo kidogo, kwa sababu ya shida, bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo. Sasa mzazi anamwogopa mtoto wa miaka kumi na tatu, na mtoto anajua.

Skuli nayo imo katika hesabu hiyo. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na hakuna kijiji katika hivi nilivyovitaja ambacho leo mtoto anakosa mahali pa kusoma. Anakosa kufika. Wakati wa bamvu, yaani maji makuu, hapa kwetu maji hupwa katikati ya asubuhi, saa zile zile za masomo, na watoto huchukuliwa pwani kusaidia kazi ya mwani. Walimu wanalijua hilo bila kutazama kalenda: madawati yanaanza kuwa wazi siku chache baada ya mwezi kuandama, na tena mwezi unapokuwa mpevu. Mzazi anasema ni siku mbili tatu tu. Siku mbili tatu kila bamvu, bamvu mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka mzima, na mtoto anafika darasa la sita hajui kugawanya. Mwani haukimbii. Ipo kazi ya kutosha ya kufunga mbegu mchana, chini ya mkungu ule ule, baada ya skuli, na mtoto akaisaidia nyumba yake bila kuipa kisogo kesho yake.

Nimetaja mama na bibi mara nyingi, na msomaji makini ameshauliza baba yuko wapi. Nitasema na kina baba wenzangu bila kuzunguka. Talaka zimekuwa nyepesi mno kwetu. Mwanamume anaacha, anaoa kijiji cha pili, na watoto wa nyumba ya kwanza wanaanza kumwona kwa bahati, akipita na pikipiki. Masurufu yanatoka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili nusu, mwezi wa tatu yanatoka maneno. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na matunzo yake inayafanya wajibu wa wazazi. Dini ilikwisha kutangulia kusema hivyo kwa karne nyingi. Kumwacha mama hakumwachishi baba mwanawe. Na kwa wale tuliobaki ndani ya nyumba zetu, tusijipe pongezi mapema. Kikao cha wazazi skulini kikiitishwa, mikeka ya kina mama hujaa. Viti vya wanaume unaweza kuvihesabu kutoka mlangoni, na mmojawapo wa waliovikalia ni sheha, kiongozi wa serikali wa hapa kijijini, ambaye amekuja kikazi.

Mtoto wa kiume anayachukua hayo yote. Hajifunzi kuwa baba kwa kuambiwa. Anatazama baba anavyozungumza na mama chakula kikichelewa, anavyomlipa anayemdai, anavyojibu simu na kusema yuko mjini hali amekaa ukumbini. Hilo la simu ni dogo lakini lina madhara makubwa: mtoto anasikia uongo kwa sauti ile ile aliyofundishiwa kusema kweli.

Simu yenyewe, bila uongo wowote, imetuondoa nyumbani hata tukiwapo. Nimeona jambo hili katika nyumba nyingi, nalieleza la mmoja kwa niaba ya wengi. Baba amekaa barazani baada ya magharibi, simu mkononi, uso umepata mwanga wa buluu. Kijana wake wa darasa la tatu anakuja na daftari lililopigwa vyema vyekundu, amepata kumi kwa kumi. Analinyoosha. "Subiri kidogo," baba anasema, macho hayakunyanyuka. Kijana anasubiri. Anabadilisha mguu. Anamtazama baba, anaitazama simu, anamtazama tena baba. Halafu analikunja daftari, anaingia ndani, na baada ya muda naye anaonekana ameinamia simu ya dada yake. Baba anapomaliza anamwona, anafoka: nyinyi watoto wa siku hizi simu zitawaua.

Ushahidi kwamba kuwapo nyumbani peke yake hakutoshi tuliupata mwaka 2020. Corona ilipoingia, hoteli zilifungwa, wageni wakaondoka, na skuli zikafungwa kuanzia Machi mpaka mwishoni mwa Juni. Wazazi na watoto walirudishwa chini ya paa moja. Palikuwa na dhiki, hilo halina ubishi. Lakini katika dhiki hiyo wapo kina baba waliorudi baharini na wakawachukua wana wao. Vijana waliokuwa wamekulia kando ya maji bila kujua kufunga tanga walijifunza miezi ile. Katika nyumba nyingine wazazi walikaa kutwa nzima na wana wao na hawakuzungumza lolote zaidi ya amri. Wageni hawakuwapo kusingiziwa.

Nimeliacha kwa makusudi jambo ambalo naliona ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu halikuletwa na hoteli wala na bahari. Tumewanyang'anya majirani haki ya kutulelea.

Kisa chake ni cha kawaida. Wavulana wanne wanacheza mpira maji yakiwa yamepwa, mpira unaingia kwenye shamba la mwani la bibi mmoja, nao wanaufuata, wanakanyaga kamba, wanang'oa mambo, wengine wanayafanya magoli. Bibi anawafuata pole pole, anamshika mmoja mkono, anampeleka kwao. Zamani mama wa kijana angesimama, angemwamkia bibi, angemwambia, "Ahsante mama yangu, huyu ni wako," na kijana angerudi pwani siku ile ile kuyapigilia mambo aliyoyang'oa. Safari hii mama anauliza mbele ya mwanawe: umemshika mkono kwa haki gani? Mbona wengine hukuwashika? Au ni kwa sababu ya ile kesi ya mpaka wa kiwanja? Bibi anaondoka. Hatarudi kwenye nyumba ile, na habari ikishaenea hatarudi kwenye nyumba yoyote. Mwezi mmoja baadaye atamwona kijana yule yule nyuma ya ukuta wa hoteli anavuta sigara, ataangalia upande mwingine.

Hivi ndivyo kijiji kilivyopoteza macho yake. Watu hawajahama; wapo, wanaona kila kitu, na wamefunga midomo. Kesi za viwanja zimetugawa, fedha zimetugawa, siasa nazo zina miaka mingi ya kutugawa, na kila ugomvi wa wakubwa umempunguzia mtoto mlezi mmoja. Mtoto mwerevu hugundua haraka kwamba mama haongei na jirani wa kulia, na basi upande wa kulia ni salama kufanya atakalo. Utamsikia akijibu, "Wewe si mama yangu." Maneno hayo hakuyatunga. Aliyasikia kwetu, kwa namna nyingine, tulipokuwa tukimsema jirani huyo wakati wa chakula.

Kuhusu nidhamu, tunagawanyika makundi mawili na yote mawili naona yanakimbia kazi. Kundi moja linashika bakora na kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni nzuri, ila wanaoipenda sana mara nyingi ni wale wanaorudi nyumbani mara moja kwa juma, wakasikiliza mashtaka ya siku saba, wakachapa yote kwa dakika tano, wakaondoka. Mtoto hajui amechapwa kwa lipi. Anajifunza kwamba baba ni mtu wa kuogopwa Ijumaa. Kundi la pili limechoka, limeamua kwamba watoto wa siku hizi hawasikii, na linaiita hali hiyo uhuru. Nidhamu niliyoiona ikifanya kazi haina kelele. Ni mzazi aliyesema saa kumi na mbili na nusu uwe umefika, akawapo mlangoni saa kumi na mbili na nusu, leo, kesho na siku ya mvua. Aliyesema simu haziingii kwenye mkeka wa chakula, na yake akaitangulia kuiweka kabatini. Mtoto akivunja, analipa kwa kitu anachokihisi, na kesho yake jambo limekwisha, halirudiwi mbele ya wageni. Kazi hiyo inachosha kuliko bakora, kwa kuwa inamtaka mzazi ajifunge kwanza yeye.

Na tusijifiche nyuma ya chuo. Tunampeleka mtoto kwa mwalimu anayepewa ada ndogo na aghalabu kwa kuchelewa, tunamwambia huyu nimekuachia, nasi tunaona tumemaliza. Mwalimu anamfundisha kuswali. Mtoto anarudi nyumbani anakuta sala ni jambo la watoto na wazee. Ataendelea mpaka aone amekuwa mkubwa, kisha ataacha, kama alivyoona wakubwa wake walivyofanya.

Najua jibu la mzazi anayefanya zamu: nifanye nini, niache kazi? Hapana. Lakini kina mama wa mtaa mmoja wanaofanya kazi hoteli tofauti hawawi zamuni wote jioni moja, na si ajabu kupatana kwamba aliyepumzika leo anawaita watoto wote wa mtaa magharibi, wake na wa wenzake, akawaketisha mpaka mama zao warudi. Baba wa zamu ya usiku ana saa mbili kabla hajaondoka. Saa hizo azitoe kwa daftari la mtoto kabla hajazitoa kwa baraza. Fedha za vikuku zikiletwa, zirudishwe kwa swali: umemuuzia nani, wapi, saa ngapi, na kesho hutakwenda. Njaa ya siku mbili ya msimamo huo ni nafuu kuliko tutakachokuja kulipa. Na hoteli zinazopenda kuwaambia wageni wao kwamba zinasaidia jamii zinaweza kuulizwa, kupitia kwa sheha na kamati ya skuli, kwa nini mama mwenye mtoto mchanga hapangiwi zamu ya mchana. Wasipokubali, angalau watakuwa wameulizwa na watu wazima na si kuombwa kalamu na watoto.

La kwanza kabisa, naona, halihitaji ruhusa ya mwajiri wala fedha. Kila mmoja wetu anaye mzee mmoja mtaani ambaye alimfukuza kwa maneno siku alipokuja na mtoto wake mkononi. Twende kwake jioni moja, tukiwa na mtoto huyo huyo, tumwamkie kama inavyopasa, na tumwambie, mtoto akisikia, kwamba kuanzia leo akimkuta na kosa asituulize, amrudi, kisha atupe habari. Na siku atakapokuja kutupa habari, tumsikilize mpaka amalize kabla hatujauliza kuhusu watoto wa wengine.